MTIKISO NA NAFAKA: KWA NINI MAHINDI HUKWAMA MDOMONI MWA KINU

Kila mtu aliyepata kungoja zamu yake penye kinu cha posho ameliona jambo hili. Mahindi yamemiminwa katika lile sanduku la bati lililo juu ya mashine, pana juu na jembamba chini, ambalo mafundi huliita hopa. Mashine yanguruma, unga watoka, kisha kwa ghafula sauti yabadilika, na mashine yazunguka tupu. Ndani ya hopa mahindi yangali tele, na mdomo wa chini u wazi, lakini hakuna punje hata moja inayoshuka. Basi mwenye kinu hutwaa kipande cha mti, akagonga ubavu wa bati mara mbili tatu, na mahindi yakaanza tena kumiminika kana kwamba hapakuwa na lolote.

Watu hulipita jambo hili bila kuuliza, kwa sababu dawa yake ni rahisi. Lakini ni jambo hilo hilo lisumbualo viwanda vya saruji, vya sukari na vya mbolea, na katika maghala makubwa ya nafaka limekwisha kuua watu. Tena ile dawa yenyewe, yaani kugonga na kutikisa, ina pande mbili. Ikitumiwa wakati wake hufungua njia. Ikitumiwa nje ya wakati wake huikaza nafaka zaidi kuliko ilivyokuwa. Kwa hiyo yafaa tuchunguze ni nini hasa kinachotendeka ndani ya hopa, mahali ambapo jicho halifiki.

Mahindi si maji

Tukiona nafaka ikimiminika twadhani kwamba ni sawa na maji. Sivyo. Maji yakijazwa katika pipa, kadiri yanavyozidi kimo ndivyo yanavyozidi kusukuma chini. Na tundu likitobolewa chini ya pipa, maji hutoka kwa nguvu pipa likiwa limejaa, na kwa ulegevu likikaribia kwisha. Nafaka haina tabia hiyo. Kila punje humwegemea jirani yake, na jirani humwegemea mwingine, mpaka uzito wafika kwenye kuta. Hapo msuguano wa punje na ukuta huushika uzito huo, ukuta ukaubeba.

Mtu aliyeyapima mambo haya vizuri alikuwa mhandisi wa Kijerumani, H. A. Janssen wa mji wa Bremen, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1895. Alitia nafaka katika masanduku marefu yaliyosimama wima, akapima uzito unaofika chini. Mwanzoni uzito uliongezeka kwa kadiri nafaka ilivyoongezwa, lakini baada ya kimo fulani haukuongezeka tena, ijapokuwa aliendelea kujaza. Nafaka iliyozidi ilikuwa imebebwa na kuta. Hii ndiyo sababu saa ya mchanga, ambayo wazee wa zamani waliitumia kupimia muda baharini na makanisani, huenda kwa mwendo ule ule ikiwa imejaa au ikiwa imebaki robo tu. Lau kama ingalitiwa maji, isingalifaa kwa kazi hiyo.

Sasa tuje kwenye kukwama kwenyewe. Msomaji aliyepata kufika Gedi karibu na Malindi, au kupita katika misikiti ya kale ya pwani, ameona matao ya mawe juu ya milango. Jiwe la juu kabisa haliangushwi na uzito wake. Uzito wake walisukuma kwenye mawe ya kushoto na kulia, nayo yasukuma ukutani, na kadiri uzito unavyozidi ndivyo mawe yanavyozidi kubanana. Punje za mahindi hufanya vivyo hivyo. Zinapokimbilia mdomo mwembamba wa hopa kwa pamoja, hutokea mara kwa mara kwamba punje tano au sita zafika kwa wakati mmoja na kuegemeana kama mawe ya mlango. Papo hapo tao lasimama, na mahindi yote yaliyo juu yake yasimama pia.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mahindi yakikwama, mtu huyasukuma kutoka juu kwa mkono, au huongeza debe jingine akidhani kwamba uzito utayafungua. Lakini tao halivunjwi na uzito wa juu. Huo ndio ulishikao.

Upana wa mdomo

Je, mdomo ukipanuliwa, mahindi hayatakwama? Swali hili lilifanyiwa kazi kwa subira kubwa katika Chuo Kikuu cha Navarra, mjini Pamplona, nchini Hispania, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2005. Wachunguzi walijaza vipira vidogo katika chombo chenye tundu chini, wakahesabu ni vipira vingapi vilivyotoka kabla ya tao kusimama; kisha walilivunja kwa kupuliza hewa, wakaanza kuhesabu tena. Kazi hiyo waliirudia mara nyingi mno. Waliona kwamba tundu likiwa na upana wa vipira viwili au vitatu, kukwama ni jambo la kila mara. Likikaribia upana wa vipira vitano, hesabu ya vinavyotoka kabla ya kukwama huwa kubwa sana, hata mtu aweza kungoja mpaka akachoka. Tena waliona jambo ambalo wengi wetu tusingalilitazamia: kitu ambacho punje zimetengenezwa nacho hakikubadili sana matokeo, lakini umbo la punje liliyabadili mno.

Msomaji aweza kujaribu mwenyewe. Chukua chupa ya plastiki ya soda, kata kitako chake, igeuze mdomo uwe chini, kisha uzibe mdomo kwa kidole na kuijaza wimbi. Ukiondoa kidole, wimbi lote litatoka bila kusita, kwa maana mdomo ni mpana mara nyingi kuliko punje yake. Sasa tia mahindi makavu. Punje ya mahindi ni pana, ina ubapa upande mmoja na ncha upande mwingine, na mdomo wa chupa hauzidi upana wa punje mbili au tatu. Yatakwama karibu mara moja. Gonga ubavu wa chupa kwa kidole, nayo yatashuka kidogo na kukwama tena.

Kupanua mdomo kuna faida nyingine. Tangu mwaka 1852, Gotthilf Hagen wa Berlin alikuwa amechunguza mchanga upitao tunduni, na mwaka 1961 W. A. Beverloo na wenzake wa Uholanzi wakatoa kanuni ambayo wahandisi huitumia hata leo. Kwa kanuni hiyo, tundu la mviringo likipanuliwa mara mbili, nafaka itokayo kwa dakika huzidi mara tano ya ile ya kwanza. Maji, kwa tundu hilo hilo na kimo kile kile, yangezidi mara nne tu.

Lakini mwenye kinu hana uhuru wa kuupanua mdomo apendavyo. Mashine ikilishwa kupita kiasi husongwa, na injini hulemewa au huzimika. Ndiyo maana kuna kile kilango cha bati cha kusogezwa, ambacho hupunguza njia ili mahindi yashuke kwa kipimo. Basi kinu cha posho chahitaji mdomo mwembamba, na mdomo mwembamba huleta tao. Hapo hakuna budi kutikisa.

Jinsi mtikiso ufunguavyo

Tao la punje halina gundi wala saruji. Lashikwa na mbano peke yake, na mtikiso huulegeza mbano huo kwa nukta moja, ukairudisha, ukaulegeza tena. Katika nukta ile ya kulegea, punje iliyokuwa imeshikwa kwa shida huteleza. Na ikisha kuteleza moja, zilizobaki hazina cha kuegemea.

Mwaka 2012 wachunguzi wa Pamplona walieleza jambo hili kwa undani zaidi. Waliyatazama matao mengi, wakayatikisa kwa nguvu iliyoongezwa polepole, wakaangalia ni wapi yanapovunjikia. Katika tao zuri kila punje huinuliwa na majirani zake wawili. Lakini matao ya nafaka hayajengwi na fundi. Mara nyingi huwamo punje moja iliyoshuka chini ya mstari wa wenzake, imening'inia, haikukalia kitu bali imebanwa ubavuni tu. Hapo ndipo penye udhaifu, na hapo ndipo tao livunjikapo. Kwa hiyo mtikiso mdogo hutosha kwa matao mengi. Yapo hata hivyo matao machache ambayo hayana punje ya namna hiyo, nayo husimama muda mrefu ijapokuwa chombo kinatikiswa. Mtu anayegonga hopa yake mara kumi bila kufanikiwa amekutana na tao la aina hii, wala si kwamba mahindi yake yamerogwa.

Wasagaji wa Ulaya walilijua jambo hili kwa mikono yao kabla ya wataalamu kulieleza. Katika vinu vyao vya mawe, vilivyozungushwa kwa maji au kwa upepo, nafaka ilishuka kutoka hopa hadi katika kihori kidogo kilichoinama. Mti au chuma kilichofungwa kwenye mhimili kilikigonga kihori hicho mfululizo kadiri jiwe lilivyozunguka. Jiwe likienda mbio, mgongo ulikuwa wa mbio na nafaka ikashuka kwa wingi. Jiwe likienda polepole, nafaka ilipungua. Nadhani hakuna mashine ya kisasa iliyofanya kazi hiyo kwa gharama ndogo zaidi. Jambo la kuangalia ni kwamba mgongo ule ulikuwa mwepesi na usiokoma. Mtikiso mdogo wa mfululizo hulivunja tao likiwa bado jipya, na hivyo hushinda pigo kubwa la mara moja moja.

Jinsi mtikiso ukazavyo

Huu ndio upande wa pili. Mwanamke anunuaye mahindi sokoni kwa gorogoro huutambua vizuri kuliko wahandisi wengi. Muuzaji akiujaza mkebe kwa kumimina polepole, mkebe huonekana umejaa. Mnunuzi akiutikisa, mahindi hushuka na nafasi hupatikana juu. Hapo ndipo magomvi huanza, na kila mmoja ana haki yake.

Mwaka 1960 G. D. Scott wa Toronto, nchini Kanada, alipima jambo hili kwa vipira vya chuma. Vilipomiminwa tu, vilijaza takriban sehemu 60 katika kila 100 za chombo, na zilizobaki zilikuwa hewa. Vilipotikiswa, vilijaza takriban sehemu 64. Tofauti yaonekana ndogo, lakini mtu akiuza madebe 15 yaliyotikiswa, ametoa vipira vya kutosha madebe 16 yasiyotikiswa. Mahindi si vipira, na hesabu yake si hiyo hasa, lakini mwelekeo ni huo huo. Mizani haidanganywi na mtikiso, na ndiyo sababu gunia la mahindi huuzwa kwa kilo 90 wala si kwa kimo chake.

Nafaka iliyokazwa hivyo haitembei kwa urahisi. Osborne Reynolds, mwalimu wa uhandisi mjini Manchester, alionyesha mwaka 1885 kwamba punje zilizobanana haziwezi kupitana mpaka kwanza zitanuke na kutafuta nafasi. Mtu wa pwani huliona jambo hili kila akanyagapo mchanga uliolowa ukingoni mwa bahari: mchanga unaozunguka wayo wake hukauka ghafula, kwa maana punje zimetanuka na maji yameingia katikati yake. Basi nafaka iliyokazwa ndani ya hopa, iliyozungukwa na kuta, itapata wapi nafasi ya kutanuka? Itasimama.

Kutokana na hayo yatoka amri moja ambayo kila mwenye kinu na kila mtunza ghala aishike: usitikise mdomo ukiwa umefungwa. Mdomo ukiwa wazi, punje zilizolegezwa na mtikiso zina mahali pa kwenda, yaani chini na nje. Mdomo ukiwa umefungwa, hazina pa kwenda ila kuzidi kukaribiana. Viwandani, zile mashine ndogo za kutetemesha zinazofungwa ubavuni mwa hopa huunganishwa na kilango, ili zisiweze kuanza kabla hakijafunguliwa. Mafundi wengi wa hapa kwetu hufanya kinyume: huanza kugonga kwanza, kisha hufungua.

Kwa unga na saruji madhara ni makubwa zaidi, kwa maana chembe zake ni ndogo na hushikana zenyewe. Jaza unga katika kikombe chembamba, kigonge juu ya meza mara hamsini, kisha kigeuze. Unga utabaki umeshikamana kama tofali. Ndivyo yanavyokuwa magunia ya saruji yaliyosafirishwa mwendo mrefu juu ya barabara yenye matuta. Unyevu huongeza shida hiyo hata katika nafaka. Mahindi yanayopokewa ghalani hutakiwa yasiwe na maji zaidi ya sehemu 13.5 katika 100, na ijapokuwa sababu kubwa ni kuzuia ukungu, mahindi makavu pia hushuka vizuri zaidi.

Mtikiso una tabia nyingine isiyofaa kusahauliwa, nayo ni kutenga. Anayepeta mchele kwa ungo huitumia tabia hiyo kwa faida yake. Lakini mfugaji aliyechanganya chakula cha kuku, punje kubwa pamoja na unga, kisha akakisafirisha kwa gari, atakuta kwamba vidogo vimepenya chini na vikubwa vimebaki juu. Achanganye tena kabla ya kulisha.

Nyundo

Hopa nyingi za vinu vyetu zina makovu. Kila lilipokwama, mtu alilipiga bati kwa nyundo ya chuma, na kila pigo likaacha kibonyeo kinachoingia ndani. Kibonyeo hicho huwa kama kidato ambacho punje hukikalia, na tao la kesho hupata pa kusimamia. Mwaka wa kwanza hopa hupigwa mara moja kwa siku. Mwaka wa tatu hupigwa kila saa. Tumia nyundo ya mti au ya mpira, na upige karibu na mdomo, ambako tao lipo, wala si juu. Usitie mkono ndani kamwe mashine ikizunguka, maana tao likivunjika mkono hufuata mahindi.

Bora zaidi ni hopa isiyohitaji kupigwa. Andrew Jenike, mhandisi mzaliwa wa Poland aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, alichapisha mwaka 1964 kitabu kilichowafundisha wahandisi kupima nafaka au unga kwanza, kisha kuchagua mwinamo wa kuta na upana wa mdomo kufuatana na vipimo hivyo. Fundi wa kijijini hana vyombo vya Jenike, lakini aweza kuzifanya kuta ziwe za mwinamo mkali na ndani ziwe laini bila kutu wala vichwa vya misumari. Hilo peke yake laondoa sehemu kubwa ya kazi ya nyundo.

Hatari ya maghala marefu

Katika kinu, tao lavunjika na mahindi yashuka sentimita chache. Katika maghala marefu ya nafaka, yale ya chuma au zege, mambo ni mengine. Nafaka yenye unyevu hushikana juu ikawa kama dari, huku ile ya chini imekwisha kutolewa. Mtu aingiapo kutoka juu huona sakafu imara ya mahindi. Hajui kwamba chini yake pana shimo. Uzito wake, au pigo la koleo lake, ndio mtikiso unaolivunja tao hilo, naye huanguka pamoja na tani za nafaka juu yake.

Hatari ya pili ni nafaka inayotembea. Mlango wa chini ukiwa wazi, punje chini ya miguu huvutwa kuelekea katikati, na mtu huzama kama katika tope. Katika sekunde chache hufika magotini, kisha kiunoni, na akisha kufika hapo hawezi kujitoa. Nafaka humbana kila upande, na kila atikisikapo huzidi kumkaza, kwa sababu ile ile tuliyoieleza ya mkebe wa sokoni. Watu wakimfunga kamba na kumvuta kwa nguvu, huweza kumjeruhi vibaya bila kumtoa.

Kwa hiyo mlango wa chini hufungwa na mashine huzimwa kabla ya mtu yeyote kupanda ghala. Nafaka iliyokwama huvunjwa kwa mti mrefu kutoka nje, kupitia mlango wa ubavuni, au kwa mtikiso wa ukutani mdomo ukiwa wazi na hakuna mtu ndani. Ikiwa hapana budi mtu kuingia, aingie akiwa amefungwa mshipi na kamba fupi iliyoshikizwa imara juu, na wawili wamwangalie. Na mtu akisha kuzama, wenzake wasimfuate ndani. Wazime kila kinachovuta nafaka, waite msaada, na wasubiri mbao au mabati ya kumzungushia ili nafaka isizidi kumwelekea. Ndipo ile iliyo ndani ya mzunguko huo ichotwe kwa makopo, polepole, mpaka miguu yake ionekane.